Tundu la Sindano

Valdivia, saa nane usiku. Mvua ilianza Jumanne,
leo Jumapili, na bado haijamaliza inalotaka kusema.
Mimi niko chini, chumba kisicho dirisha.
Nimezima taa, nimebandika karatasi
hata juu ya kile kidoa chekundu cha kiyoyozi.

Mwanga hutembea usiku, mtupu, akitafuta wa kumwangia.
Basi na mimi ni mwanga, ila nimevaa koti na glavu,
na mwanga wangu mwembamba kuliko unywele
una majina ya namba:
mia nne na tano,
mia nne themanini na nane,
mia tano sitini na moja.

Kaka yangu Eulogio aliyatuma kwa basi kutoka Quellón,
matamvua ya samoni, ndani ya kichupa cha jemu,
fomalini hadi shingoni, gazeti limeviringishwa,
na juu ya kifuniko, kwa wino mzito: USINUSE.

Vizimba kumi na viwili. Samaki wanapanda juu
wanahema kama wadaiwa.
Meneja anasema ni joto. Daktari wa kampuni anasema tungoje.
Eulogio anasema: dada, wewe una jicho.

Sina jicho. Nina tundu.
Tundu kama la sindano, mbele ya kipokezi;
nuru itokayo juu ya nilipolenga, au chini yake,
inagonga ukuta na kufia hapo.
Ipitayo ni ya tabaka moja tu.
Ngamia wa ukungu anabaki nje.
Hivi ndivyo tunavyochinja bila kisu:
vipande arobaini na saba, nusu maikroni kila kimoja,
na nyama ikabaki nzima.

Nilitia rangi tangu Ijumaa.
Buluu kwa viini.
Nyekundu kwa nyuzi, imefungwa kwenye sumu ya uyoga uuao
(nani huyo wa kwanza aliyeiomba sumu imsomee?).
Kijani kwa mgeni, kama yupo:
sungura alidungwa, akamchukia,
na chuki yake tumeihifadhi kwenye friji, nyuzi nne.

Tone la mafuta. Lenzi inapanda, inabusu kioo.
Bonyeza.

Picha inashuka mstari kwa mstari, haina haraka na mtu.
Kwanza viini, vimetapakaa
kama taa za barabara ya Picarte kwenye lami iliyolowa.
Kisha kingo nyekundu, wavu juu ya wavu.
Nikasema, hakuna kitu. Asante, hakuna kitu.

Kisha kijani.
Kipande cha ishirini na tisa, kati ya nyuzi mbili zilizogandamana,
kimekaa kama mpangaji anayejua sheria.

Na kilikuwa kizuri.
Nisamehewe. Kilikuwa kizuri.

Nikakitazama, nacho kikafifia.
Rangi hizi zina pumzi za kuhesabu,
kila tazamo linakula moja.
Macho hayana pazia, husemwa; haya yangu yana bei.
Nikapunguza nguvu hadi asilimia mbili
nikachukua nilichoweza kabla hakijazimika chote.

Saa kumi akapiga, kabla ya boti.
Injini nyuma yake, upepo, mtu akikohoa.
— Umeona?
— Nimeona.
— Ni chenyewe?
Samaki mmoja akioza… sikumalizia.
Nikamwambia ni kipande kimoja, cha samaki mmoja.
Nikamwambia nahitaji mwingine wa kulinganisha,
mwenye afya, wa kizimba kile kile.

Kimya. Nilidhani simu imekatika.
— Mwenye afya, akasema. Nitamtoa wapi?

Nikafuta mafuta kwenye lenzi,
mkupuo mmoja, karatasi haitumiki mara mbili.
Nikapanda ngazi.
Kule sokoni, kando ya mto, simba-bahari walikuwa wameamka,
wanabweka gizani,
wanadai vichwa vya samaki wa jana.